Spika za Siri katika Motokaa za Zamani

Wenye motokaa za zamani wana ada moja ya ajabu. Hutumia miaka na fedha kuirudisha motokaa katika sura iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani. Hutafuta taa yenyewe, usukani wenyewe, hata skrubu zenye kichwa cha namna ile ile. Na kazi hiyo ya uvumilivu ikiisha, humwita fundi aje na msumeno akate milango, atie ndani yake spika nne za kisasa na kuzifunika kwa kitambaa. Wakiulizwa sababu ya kuijeruhi motokaa waliyoiponya, hujibu kwa utulivu kuwa hakuna kilichoharibika, maana hakuna kinachoonekana. Jibu hili limekuwa kanuni. Lilianza kusemwa Ulaya na Marekani, na sasa husemwa Nairobi, Dar es Salaam na kila mahali penye Land Rover yenye umri wa babu. Ni jibu baya, na ubaya wake hauishii katika motokaa.

Magole ni mahali pazuri pa kulipimia. Mji huu mdogo wa wilaya ya Kilosa umekaa kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na hapo ndipo ichepukapo njia ya Turiani na mashamba ya miwa ya Mtibwa. Kilosa ilikuwa nchi ya mkonge, na katika nchi ya mkonge Land Rover haikuwa pambo la mtu mwenye nafasi. Ilikuwa punda wa mashamba, wa misheni na wa serikali. Kiangazi ilikula vumbi. Masika ilivuka maji. Maji hayo hayajaacha tabia yake. Mwezi wa Januari 2014 mafuriko yaliingia Magole na Dumila, yakabomoa nyumba za watu, yakaharibu daraja la Dumila, na barabara kuu ikakatika. Motokaa ikaayo katika nchi kama hii lazima siku moja ipate maji sakafuni na milangoni. Basi mtu amshauriye mwenye motokaa wa Magole kuficha spika mlangoni, na ajue kwanza mlango ni kitu gani.

Mlango wa motokaa si kabati. Mvua hushuka kando ya kioo ikaingia ndani yake, ikatoka kwa matundu madogo yaliyo chini. Ndivyo ulivyokusudiwa kuwa, na kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hutia karatasi ya lami au ya plastiki nyuma ya ubao wa ndani ili maji yasiwafikie watu. Fundi wa spika hukata ubao, huchana karatasi, kisha hutundika katika njia ya maji kitu ambacho moyo wake ni sumaku na ngozi yake, katika spika nyingi, ni karatasi. Karatasi hunywa maji ikalegea. Sumaku huvuta chembe za chuma. Baada ya masika mbili sauti huanza kukwaruza, na mwenye motokaa humlaumu aliyemwuzia spika.

Kwa Land Rover za kwanza madhara yamezidi. Zilipoanza kuundwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi zilifanywa kwa bati la alumini juu ya viunzi vya chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye maji, alumini huliwa polepole na kugeuka unga mweupe. Kila mwenye motokaa hizo aujua unga huo. Kila tundu jipya linalotobolewa na kutiwa skrubu ya chuma ni mahali papya pa ugonjwa wa zamani. Kifuniko cha kitambaa hakiuzuii. Huuficha tu, hata siku ambayo fundi mwingine atafunua na kuona kuwa hana bati la kushikia.

Wengine, wakikimbia mlango, hukimbilia chini ya kiti. Hapo husema wamepata pahali pa siri kabisa. Lakini katika Land Rover fupi ya namna ya kale, chini ya kiti cha kulia ndipo lilipo tangi la petroli. Mtu atiaye waya wa umeme na skrubu ndefu juu ya tangi la petroli, tena mahali asipoweza kupatazama kila siku, hakuficha spika. Ameficha hatari. Na waya wenyewe una mashaka yake. Motokaa nyingi za Kiingereza za wakati ule zilifungwa betri kinyume cha desturi ya leo: upande wa chanya ndio uliounganishwa na bodi. Redio na vikuza sauti vya sasa karibu vyote huwa na hasi katika ganda lao. Ganda la namna hiyo likifungwa katika chuma cha motokaa ya namna ile, umeme hupata njia ya mkato. Fyuzi ikiwapo, hukatika. Isipokuwapo, waya hugeuka kaa. Fundi mwangalifu hupima kwanza, kisha hulitenga ganda na bodi kwa mpira au ubao, au huigeuza motokaa nzima kwa kupindua betri na kuitia dinamo umeme upya ili ikubali upande mwingine. Fundi mwenye haraka hukata waya wa kwanza auonao nyuma ya dashibodi akaunga hapo, maana ameagizwa kazi isiyoonekana, na kazi isiyoonekana haina mkaguzi.

Hapa ndipo shina la hoja. Siri katika kazi ya mikono huondoa ushahidi. Mwashi ajengaye ukuta wa nje hujitahidi kwa sababu wapita njia watamwona. Yule ajengaye msingi huhitaji dhamiri, na wenye dhamiri hawapatikani kila mtaa. Anayeagiza spika za siri amejinyima hukumu ya macho, yake mwenyewe na ya watakaomfuata.

Kiswahili chenyewe kina maneno ya kuyatenga mambo haya, na ni aibu kuyachanganya. Kuna sitara na kuna hila. Sitara humstahi atazamaye: mtu huvaa nguo, hufunga mlango wa chumba, hufunika chakula, na hakuna anayedanganywa, kwa kuwa kila mtu ajua kuna mwili chini ya nguo na wali chini ya kawa. Hila hutaka atazamaye aamini lisilokuwapo. Spika iliyofungwa chini ya dashibodi, ikafunikwa kwa kitambaa cha rangi ya motokaa ili isichukize macho, ina sitara. Spika iliyochimbiwa mlangoni ili mwamuzi wa mashindano ya motokaa maridadi, au mnunuzi, asadiki kuwa mlango ni mzima, hiyo ni hila, hata kama sauti yake ni tamu kama asali.

Wanachuo wana sababu yao ya kulishughulikia jambo hili, nao wasidhani kuwa limewekwa hapa kwa mchezo. Mhariri wa utenzi wa kale anapokuta neno lililoliwa na mchwa katika mswada, ana njia mbili. Aweza kutia neno lake akaliwekea alama, ili msomaji ajue kuwa hili si la mtunzi. Au aweza kulitia kimya kimya, likalingana na vina, likapendeza, na mtu asijue. Njia ya pili hutoa kitabu kizuri zaidi. Ndiyo maana ni mbaya. Baada ya miaka hamsini mtaalamu mwingine atatunga nadharia ya lahaja ya karne ya kumi na nane kwa kulitegemea neno lililoandikwa juzi. Tundu la spika lililofichwa vizuri ni neno la namna hiyo: mtu atakayeifungua motokaa ile siku za mbele ili ajifunze jinsi watu wa mkonge walivyosafiri, atasoma msumeno wa leo akidhani ni kiwanda cha zamani.

Dhidi ya kundi hili lipo kundi la pili, nalo halistahili kusamehewa kwa sababu tu ya kuwa adui wa la kwanza. Hawa husema motokaa ya zamani iachwe bubu, maana ilizaliwa bubu. Ni kweli kwamba Land Rover nyingi zilikuja bila redio. Lakini motokaa nyingine hazikuwa hivyo. Redio za motokaa zilikuwa zikiuzwa Marekani tangu mwaka 1930, na Volkswagen za miaka ya 1960 zilikuwa na vitundu vya sauti katika dashibodi, karibu na saa ya mwendo, vikingoja spika. Na hata zile zilizokuja bubu, je, zilikaa bubu? Redio ndogo za betri zilipoenea katika nchi hizi miaka ya 1960, mtu aliyekuwa nayo alikwenda nayo popote, na katika motokaa aliipakata. Ukimya wa motokaa za Tanganyika ni ukimya wa katalogi ya kiwanda, haukuwa wa barabarani. Wanaoutetea huhifadhi karatasi ya muuzaji wa Uingereza, wakasahau waliopanda.

Waliopanda katika mkoa wa Morogoro walikuwa na cha kusikiliza. Mji wa Morogoro ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alikwenda kupiga katika maonyesho ya Osaka huko Japani, na mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Wote wawili walifia barabarani, Salum Abdallah mwaka 1965 na Mbaraka Mwinshehe Januari 1979 huko Mombasa. Mtu asikilizaye nyimbo zao akiwa ameshika usukani ana haki ya kunyamaza kidogo. Nyimbo za siku zile aghalabu zilirekodiwa kwa njia moja ya sauti, zikapigwa katika redio zenye spika moja. Gitaa, saksafoni na mwimbaji wote walitoka mahali pamoja. Kuzitawanya katika milango minne hakuongezi hata noti moja.

Basi kwa muziki huu spika moja yatosha, nayo ikiwekwa vyema huzishinda nne zilizofichwa vibaya. Sababu yake si ya ushairi. Ngozi ya spika ikisukuma hewa mbele, huivuta nyuma. Hewa ya mbele na ya nyuma zikikutana, sauti nzito huuana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo kazi ya sanduku: kuzitenga. Spika iliyotupwa chini ya kiti bila sanduku hulia kama nzi ndani ya chupa, na mwenyewe, badala ya kutengeneza sanduku, hununua kikuza sauti chenye nguvu zaidi. Hapo hukutana na dinamo. Dinamo ya Lucas iliyotumiwa sana katika motokaa hizo ilitoa ampia kama 22 ikizunguka upesi, na karibu haitoi kitu motokaa ikisimama inanguruma. Ampia 22 kwa volti 12 ni wati 264 za kila kazi: taa, moto wa plagi, kuchaji betri. Kikuza sauti kilichoandikwa wati 400 katika boksi lake kimeandikiwa motokaa nyingine. Usiku, mvua ikinyesha, taa zikiwaka, dereva wa namna hiyo atachagua kati ya besi na barabara.

Kilicho sawa chajulikana, wala si kigumu. Shirikisho la kimataifa la motokaa za kale, FIVA, liliandika mkataba wake mjini Turin, nao ukapitishwa mwaka 2012. Shauri lake ni kwamba mageuzi yawe machache, yaweze kuondolewa, na yaandikwe. Halikusema yafichwe. Katika Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940, lakini mlango wa Land Rover hauna mlinzi ila mwenye Land Rover. Basi na atengeneze sanduku la mbao la kiasi cha kitabu kinene, lenye spika moja na kikuza sauti kidogo, likae kati ya viti au chini ya dashibodi kwa mikanda, au kwa skrubu katika matundu ambayo kiwanda kiliyatoboa. Waya wake utoke betrini moja kwa moja, wenye fyuzi karibu na betri, wala usiguse waya wa zamani. Pande mbili za sauti zichanganywe ndani ya kikuza sauti kabla ya kukuzwa. Kuzifunga pamoja nyaya za kutokea ni kukiua. Na daftari la motokaa liandikwe siku, fundi na kilichofanywa.

Watu wa siri wana hoja moja iliyobaki, nayo huitoa mwisho kana kwamba ni turufu: wezi. Husema kilicho wazi huibwa, hasa motokaa inapolala kando ya barabara kuu kama ile ya Magole, ambapo malori hupita usiku kucha. Wanasahau kuwa mwizi wa spika ajua milango kuliko mwenye motokaa. Akija atang'oa ubao, kitambaa na kipini cha kioo pamoja, vitu ambavyo vilitafutwa miaka mitatu. Sanduku lina mkanda miwili na plagi moja. Jioni mwenyewe hulifungua, akaingia nalo nyumbani, na likaendelea kuimba sebuleni kwa betri nyingine, motokaa ikilala nje na milango yake mizima.