Chuki ile haikurithiwa

Makala iliyodai kwamba Mkatanga na Mkasai wanachukiana tangu enzi za mababu inamsafisha mwenye kosa. Kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa ikileta Katanga vibarua kutoka Kasai tangu miaka ya 1920. Katika kambi zake watu hawa waliishi mlango kwa mlango, wakaoana, wakazaa watoto ambao Kasai waliisikia kwa jina tu. Mababu gani basi?

Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa wa Zaire, yaani Kongo ya leo, ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu, akamrithi Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Gavana wetu wa wakati ule, Kyungu wa Kumwanza, alikuwa akiwaita Wakasai “bilulu”, yaani wadudu, mbele ya umati. Vijana wa chama chake cha UFERI wakaingia mitaani kuwafukuza. Kule Likasi, familia za Wakasai zililala stesheni majuma kwa majuma, na magodoro na masufuria yao, zikingoja treni. Wengine walifia pale pale.

Walioshika vipaza sauti walikuwa watu wazima wenye majina na vyeo. Mwandishi angeanza na hao kabla ya kuwasingizia marehemu.