Msiniombe programu, wekeni simu

Nimeombwa tena niandike programu ya simu ya kuzuia wanafunzi wa sekondari kujiua. Nimekataa. Jamani, shule zetu za bweni haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu! Anayelia bwenini saa saba usiku ataipakua kwa kutumia nini, sanduku la bati?

Nambari 116 ya kusaidia watoto ipo, usiku na mchana, haitozwi hata senti, na mulika mwizi yoyote inaipiga. Hapo hakuna kodi ya kuandika. Kinachokosekana ni simu moja shuleni, mahali ambapo mtoto anaweza kuongea bila naibu wa mwalimu mkuu kusimama mlangoni akisikiliza.

Tena kuna huyu mwalimu wa ushauri nasaha. Katika shule nyingi ni mwalimu wa hesabu au Kiswahili aliyebandikwa cheo hicho juu ya vipindi vyake vyote, na pengine ndiye anayeshika kiboko (ndiyo, vilipigwa marufuku 2001, lakini tunajuana). Nani atamfungulia moyo?

Hata sheria ilifunga midomo. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipotangaza Januari 2025 kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Ni shule ngapi zimewaeleza wanafunzi hilo?

Kwa hivyo, ndugu wafadhili, pesa za programu mlipeni mshauri aliyesomea kazi hiyo, hata azunguke shule tatu. Ratiba yake nitaitengeneza bure.