Kura ya Neti Asembo

Jirani yangu hapa Kisumu hana shaka: "Wenye neti watoto wao hawaugui malaria. Unataka ushahidi gani tena?"

Nataka zaidi. Anayejinunulia neti huenda pia ana nyumba nzuri, na nauli ya kumkimbiza mtoto hospitalini homa ikianza tu. Mtoto akipona, ameokolewa na neti au na mfuko wa babake?

Hilo ndilo fumbo walilolifumbua watafiti wa KEMRI pamoja na wenzao wa CDC ya Marekani huko Asembo na Gem, Siaya. Vijiji 221 vilipigiwa kura. Vilivyopata vikapewa neti zilizotiwa dawa. Vingine vikangoja hadi 1999. Kura haimjui tajiri wala maskini, kwa hiyo wenye mabati na wenye nyasi walijikuta pande zote mbili, takriban sawa.

Kungoja huko si jambo dogo, maana waliokuwa wakihesabiwa ni watoto waliofariki. Matokeo: vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi miezi 59 vilipungua kwa asilimia 16 penye neti.

Lakini mbu hawaheshimu kura. Maboma yasiyo na neti, yaliyokuwa mita 300 hivi kutoka kijiji chenye neti, nayo yalikingika. Basi ile 16 huenda ni ndogo kuliko faida yenyewe.

Nilipomweleza jirani, alicheka. "Kumbe miaka hii yote nimekuwa nikilalia neti yako!"