Si Wahka wa Harusi: Moyo Ukienda Mbio, Upimwe



Leo hatuzungumzi hina wala piko. Leo nataka tugombane kidogo na neno moja tunalowapa wanawake wetu kila wanaposema moyo umewaenda mbio ghafla: "Ni wahka tu huo." Mwari akisema hivyo wiki mbili kabla ya harusi, anachekwa, na somo yake anamwambia kila bi harusi huwa hivyo. Mke mpya akisema, anaulizwa kama ana mimba. Mama wa watoto wanne akisema, anaambiwa apunguze mawazo. Na binti ambaye hajaolewa akisema, basi keshapendwa na ruhani. Kila umri tumeutilia jawabu lake, na hakuna hata jawabu moja lililotoka kwenye kipimo.

Tuelewane kwanza tunazungumza nini. Sisemi moyo unaopanda taratibu ukipanda ngazi, au ukisikia gari za bwana harusi zimefika. Nasema wewe umekaa unachambua mchele, au umeinama kuokota kanga, na mara moja, kama mtu aliyewasha taa, moyo unaondoka. Mapigo 150, 180, pengine hata 200 kwa dakika, wakati moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga 60 hadi 100. Shingo inadunda, kifua kinabana, kichwa kinakuwa chepesi. Baada ya dakika kumi au saa nzima mbio zinakatika ghafla vile vile zilivyoanza. Ukifika hospitali umeshatulia. Unapimwa presha, iko sawa, unarudi nyumbani na panadol na jina jipya: mwenye wasiwasi.

Moyo una umeme wake, dada zangu. Cheche huanzia juu, hupita njia yake ya katikati, kisha huteremka chini na moyo ukapiga. Wapo watu ambao pale katikati wana njia mbili badala ya moja. Miaka inapita bila tatizo, mpaka siku moja umeme unashuka kwa njia hii na kurudi kwa ile, unazunguka bila kutoka, na moyo unalazimika kuufuata. Aina hii ya mbio huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, karibu mara mbili. Mwenye nayo anaweza kuwa mzima wa afya, anafunga, anapika, anacheza taarabu na wenzake. Hana alama usoni. Kwa hiyo kumwambia "mbona huonekani mgonjwa" si jawabu.

Na msidhani ni sisi wa visiwani tu tunaodharau. Mwaka 1997 Marekani ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 107 waliokuja kuthibitika kuwa na mbio za moyo za namna hii. Zaidi ya nusu yao, 55 katika kila 100, ugonjwa haukutambuliwa walipochunguzwa mara ya kwanza, na nusu ya hao walikaa zaidi ya miaka mitatu bila kujulikana wana nini. Miongoni mwa waliokosewa, wanawake 65 katika kila 100 waliambiwa ni hofu au msongo wa mawazo. Wanaume walioambiwa hivyo walikuwa 32 katika kila 100. Ugonjwa ule ule. Mwanamme akilalamika moyo, unatazamwa moyo. Mwanamke akilalamika moyo, inatazamwa tabia yake.

Nasikia mtu anasema, "Lakini wasiwasi upo kweli." Naam, upo, na wenyewe ni maradhi yenye tiba, na mwenye nao hastahili kuchekwa. Ninachokataa ni mpango wetu wa kazi. Wasiwasi ujulikane baada ya kupima, usiwe badala ya kupima. Maana mtu ambaye moyo wake unapiga 180 bila sababu lazima ataogopa! Hofu hapo ni mtoto wa ugonjwa, nasi tunaishika hofu tukauacha ugonjwa uende zake.

Mwengine atasema, "Mpelekeni akasomewe." Sina ugomvi na kisomo. Qur'ani ni shifaa, na sisi ni watu wa kuamini ghaibu. Lakini kisomo hakigombani na kipimo. Imepokewa katika Sunan za Abu Dawud kwamba Saad bin Abi Waqqas (RA) aliugua, Mtume (SAW) akaenda kumtazama, akaweka mkono wake kifuani kwake, akamwambia kuwa ana maradhi ya moyo, na akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif kwa kuwa alikuwa mtu wa utabibu. Haya, nani kati yetu ana dua bora kuliko ya Mtume? Na bado mgonjwa wa moyo akaelekezwa kwa tabibu. Basi huyu anayemfungia binti chumbani kwa mafusho na kifua kimembana, akisema hospitali itamkasirisha ruhani, dalili yake kaitoa wapi?

Tuje kwa maharusi, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi. Wako mabinti wanaficha kwa amri ya mama zao: "Nyamaza, wakijua watu wa kwao wataivunja posa." Wanaiita sitara. Sitara ni kutoitangaza siri yako barazani. Kumficha daktari si sitara. Kuhusu nini cha kumwambia mchumba na kwa namna gani, mwulizeni mwanachuoni mnayemwamini, lakini mwulizeni mkiwa na majibu ya vipimo mkononi, si mkiwa na khofu.

Na tufikirie baada ya fungate. Wengi wetu hushika mimba mwaka ule ule wa kwanza. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na moyo unatakiwa kuisukuma yote hiyo. Moyo wenye njia mbili za umeme unaweza kuanza mbio za mara kwa mara. Tena mbio za moyo hazina sababu moja. Upungufu wa damu kwa hedhi nzito huleta mbio. Tezi ya shingo ikizidisha kazi huleta mbio. Na katika nchi zetu kuna vali za moyo zilizoharibiwa tangu utotoni na maradhi ya koo yasiyotibiwa. Mwanamke haijui hiyo vali mpaka mimba imwelemee na pumzi imkatike. Huyo naye tutamwambia ni wahka?

Halafu kuna vidonge na chai za kupunguza mwili, ili gauni likae. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo, na tangu hapo imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Bi harusi anameza asichokijua, hali chakula, anashushia na vinywaji vya kuongeza nguvu, na moyo ukimruka tunasema ana haya ya bwana harusi.

Sasa la kufanya. Mbio zikianza, kaa chini. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili. Ukishindwa, ahesabu dada yako. Andika saa zilipoanza, saa zilipokatika, na kama zilikuja ghafla au taratibu. Daktari akisikia "ghafla, mapigo 180, dakika ishirini, zikakatika ghafla" hawezi kukupuuza kirahisi. Omba kipimo cha ECG, na kama mbio bado zipo, kimbilia kituo cha karibu ukapimwe hapo hapo, maana ushahidi uko kwenye dakika zile. Zikiwa zimeshakatika, ulizia kimashine cha kuvaliwa saa 24 au zaidi, kipimo cha damu na cha tezi. Ukizirai, ukiumwa kifua, ukikosa pumzi, au ukiwa mjamzito au mzazi, usisubiri kuandika chochote, nenda.

Na tiba ipo. Mwaka 2015 Uingereza ilichapisha utafiti wa njia isiyo na dawa: mgonjwa anapuliza kwa nguvu sekunde 15 akiwa amekaa nusu, kisha analazwa chali na miguu inainuliwa. Moyo ulitulia kwa wagonjwa 43 katika kila 100, badala ya 17 kwa kupuliza peke yake. Mwombe daktari akufundishe. Zipo dawa. Na upo utaratibu wa kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, ikachomwa ile njia ya ziada bila kupasua kifua, na kwa aina hii ya mbio hufaulu kwa zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100. Rufaa ikikuvusha bahari mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, vuka. Nauli ya boti haifiki bei ya gauni moja la ukumbini.

Kina somo, nyinyi ndio mnaokaa na mwari ndani, mnamsinga, mnamfunda. Mnamuuliza mambo ambayo hata mamake hamuulizi. Ongezeni na hili: "Moyo wako ukoje, mwanangu?" Akijibu, msicheke. Na nyinyi mawifi na mama wakwe, mkisikia mke wa kijana wenu anakwenda kupimwa moyo, msiseme mmeuziwa mgonjwa. Semeni mmepata mtu anayeitunza amana ya Mola wake.

Mwenyezi Mungu atupe afya, awaponye wenye maradhi, na azibariki ndoa zenu. Amin.