Kogo hajarogwa, na nusukaputi si mshtakiwa wa pekee

Jameni, hii maneno ya "nusukaputi ilimharibu kichwa" imenichosha. Panda matatu ya Langas utaisikia: kogo alianguka akavunjika nyonga, akapasuliwa, kesho yake anaongea na watu waliozikwa kitambo na kung'oa dripu. Hukumu inatoka papo hapo. Amerogwa, ama daktari alizidisha dawa.

Na yule kijana wa boda kitanda cha pili, aliyepewa nusukaputi hiyo hiyo na sasa anauliza matokeo ya mpira, yeye alisahauliwa na mchawi?

Mwaka 2021 kulitoka utafiti wa Marekani na Kanada: wagonjwa 1,600 hivi wa miaka 50 kwenda juu, wote wamevunjika nyonga. Nusu walilazwa usingizi kabisa, nusu wakadungwa ile sindano ya mgongo. Waliochanganyikiwa? Karibu mmoja kwa kila watano, pande zote mbili. Kwa hivyo kuna kitu kingine.

Kitu chenyewe ni ubongo uliofika hospitalini. Utafiti wa zamani, wa 1998, ulifuata watu zaidi ya 1,200 wa miaka 60 na zaidi. Baada ya wiki, robo walikuwa wamepungukiwa kiakili. Muda wa nusukaputi ulichangia, sikatai, lakini pia elimu kidogo, maambukizi, shida za kupumua, kurudishwa upasuaji mara ya pili. Baada ya miezi mitatu walibaki kama 10 kwa 100, na hapo kilichowatenganisha na wengine kilikuwa umri tu.

Sasa tuongee ukweli wa nyumbani. Guka amekunywa busaa kila siku miaka 40. Nesi akiuliza, familia nzima: "Aah, huyu ameokoka!" Siku ya pili, ya tatu bila pombe, anatetemeka na kuona nyoka ukutani, na daktari hakuambiwa ajiandae. Miwani ya kogo iko kwa droo kijijini. Amelala dakika ngapi na taa zikiwaka usiku kucha? Halafu anaulizwa leo ni siku gani kwa Kiswahili, mtu ambaye maisha yake yote ni Kinandi, akinyamaza tunasema akili imeenda.

Na nyinyi wenye hospitali, hizo saa za kuona wagonjwa mnazilinda kama benki. Mzee akichanganyikiwa usiku mnamfunga mikono kitandani, na binti yake mmemwacha nje kwa geti. Mwacheni aingie. Yeye ndiye anayeweza kumtuliza kwa lugha yake na kumuuliza habari za ng'ombe wake, mmoja mmoja kwa jina.