MJUMBE WA KAMPUNI MLANGONI MWA SERIKALI

Tarehe 2 Januari, 2025, ilitangazwa kwamba Bwana Nick Clegg anaondoka katika kampuni ya Meta ya Marekani, yenye kumiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, alikokuwa akisimamia uhusiano wa kampuni hiyo na serikali za dunia tangu mwaka 2018. Nafasi yake alipewa Bwana Joel Kaplan. Wako walioipita habari hiyo kama jambo la watu wa California. Sisi hatukubaliani na fikra hiyo.

Clegg alikuwa Naibu Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia mwaka 2010 hadi 2015. Kaplan alikuwa mmoja wa wasaidizi wakuu wa Ikulu ya Marekani chini ya Rais George W. Bush, kabla ya kuajiriwa na kampuni hiyo mwaka 2011. Ni dhahiri kwamba kampuni haikutafuta mafundi wa mitambo. Ilitafuta watu wanaoijua milango ya serikali na lugha inayosemwa ndani yake. Mwaka 2018, mabunge ya Ulaya yalipokuwa yamekasirishwa na kashfa ya Cambridge Analytica, alihitajika mtu wa Ulaya. Mwaka 2025, Chama cha Republican kilipokuwa kinarejea Ikulu, alihitajika mtu wa chama hicho. Ubepari haujapata kuwa mvivu katika kuchagua wajumbe wake.

Siku tano baadaye Kaplan alitangaza kwamba kampuni inaachana na wakaguzi huru wa ukweli wa habari nchini Marekani. Uamuzi huo ulihusu nchi yao; lakini ulitoka katika ofisi ile ile yenye kuzungumza na serikali nyingine zote, na yetu ikiwamo.

Mwalimu wa Mpendae anayepokea taarifa ya kikao cha skuli kwa WhatsApp anamjua sheha wake na anaijua nyumba yake. Mwenye kampuni hamjui, na hana mlango wa kubisha. Zantel ilipoanzishwa mwaka 1999, Serikali ya Mapinduzi ilikuwa na hisa ndani yake. Hata Millicom ilipochukua asilimia 85 mwaka 2015, asilimia 15 zilibaki mikononi mwa Serikali. Ndani ya Meta hatuna kiti. Tulicho nacho ni sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kodi ya huduma za kidijitali iliyowekwa mwaka huo huo kwa makampuni yasiyo na makazi nchini. Wenzetu wa Kenya wameonyesha kwamba sheria ina meno. Meta ilidai kuwa mahakama za huko haziwezi kuihukumu kwa kuwa haina makazi nchini humo. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikalikataa dai hilo.

Lakini sheria huandikwa na kusimamiwa na watumishi wa umma, na hapa ndipo penye uzito. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti hayo, na hatuandiki leo kuomba yarudishwe yote. Swali lenyewe, hata hivyo, halikufutwa: ofisa anayeandika kanuni asubuhi, huku akitumaini kuajiriwa jioni na yule anayemwandikia kanuni hizo, anamtumikia nani?

Hatumtuhumu mtu. Tunasema kwamba ofisa aliyeshughulikia leseni au kodi ya kampuni apite muda wa kutosha kabla ya kuajiriwa nayo. Tunasema pia kwamba hakuna ofisa anayepaswa kukutana na wajumbe hawa peke yake, wala katika hoteli za pwani. Wakutane nao ofisini, wasipungue wawili, na kumbukumbu za kikao ziandikwe kwa Kiswahili na kuwekwa mahali ambapo wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanaweza kuzisoma.