Mgombea tumuulize vipaumbele, si jina lake

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, kila unapokaribia uchaguzi husikika katika baraza zetu kauli moja: "Huyu ni mwenzetu, tumpe." Kauli hiyo ina mapenzi, lakini haina hoja. Kura ni ushahidi. Anayeitoa anashuhudia kwamba mtu fulani anaweza kubeba amana, na haifai mtu kushuhudia asilolijua.

Tumtazame Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, mwana wa Profesa Mahmood Mamdani ambaye katika miaka ya 1970 alisomesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2020 kijana huyo Mwislamu aligombea kiti katika Baraza la Kutunga Sheria la Jimbo la New York, Marekani, kwa eneo la Astoria. Kazi yake ilikuwa kuzishauri familia zilizokaribia kunyang'anywa nyumba kwa sababu ya madeni. Ndiyo maana makazi yalikuwa mbele katika vipaumbele vyake. Shida hiyo alikuwa akiisikia kila siku kwa wenyewe. Katika kura ya mchujo ya chama cha Democratic alimshinda mjumbe aliyekikalia kiti hicho tangu mwaka 2011, kwa tofauti isiyofika kura 500.

Lakini ahadi hupimwa baada ya kiapo. Mwaka 2021 madereva wa teksi wa jiji la New York, wengi wao wahamiaji na Waislamu wakiwemo, walikuwa wameelemewa na mikopo waliyochukua kununulia leseni za teksi. Mamdani alijiunga nao katika mgomo wa kula uliodumu siku 15. Hatimaye yakapatikana makubaliano: madeni yakapunguzwa, jiji likayadhamini, na marejesho ya mwezi yakawekewa kikomo cha dola 1,122. Riba haikuondoka, nasi tunajua hukumu yake. Hata hivyo, baba aliyekuwa akikesha barabarani kulipa deni lisilokwisha alipata pumzi.

Upande wa usafiri, yeye na wenzake walipigania mabasi yasiyo na nauli. Septemba 2023 yakaanza majaribio katika njia tano, moja kwa kila wilaya ya jiji hilo, na abiria wakaongezeka. Mwaka uliofuata bajeti haikuyaendeleza, yakakoma. Hapa pana somo: mjumbe mmoja kati ya 150 hapitishi jambo peke yake. Basi mgombea asiulizwe tu anataka nini, bali pia fedha itatoka wapi na nani watamuunga mkono.

Isifahamike kwamba tunamsifu kwa kila jambo. Miongoni mwa misimamo yake imo ambayo wazazi wengi wa Kiislamu hawaiafiki. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutotosheka na jina. Mwenye kuchagua jina hana haki ya kushangaa baadaye. Mwenye kuuliza huchagua akijua anakubali lipi na anakataa lipi. Leo, baada ya kuapishwa kuwa Meya wa New York tarehe 1 Januari 2026, amana yake imekuwa kubwa zaidi, na hesabu yake vilevile.

Wazazi, tuwafundishe vijana wetu jambo hili majumbani kabla siku ya kura haijafika. Ajapo mgombea, awe wa udiwani au wa ubunge, aulizwe: ni shida gani ya mtaa huu unayoijua kabla hujahitaji kura zetu? Utaitatua kwa sheria ipi? Na lini utarudi kutueleza ulipofika? Akiwa mwenzetu, asihurumiwe kwa hilo. Yeye ndiye aliye wa kwanza kujua kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Allah atujaalie viongozi wenye kutimiza amana, nasi atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Amin.